Harufu za Rotomaire Kabla ya Jiwe la Mama

Jumatatu, 19 Januari
Waimarie amenipa daftari hili na kalamu tatu, akaniagiza niandike harufu tu. "Shangazi, andika siku, saa, upepo na harufu ya ziwa. Maneno ya watu usiyatie." Huyu ni binti wa mdogo wangu Paora, anasomea maji chuoni, na anataka kujua kwa nini Rotomaire hunuka kila kiangazi. Nimemkubalia. Lakini nina miaka sitini na miwili, na sijawahi kusikia harufu mbaya nisimtafute mwenyewe.

Saa moja asubuhi. Upepo wa magharibi. Majani mabichi.

Jumanne, 20 Januari
Majani mabichi.

Ijumaa, 23 Januari
Majani mabichi, na moshi kidogo wa jirani anayechoma soseji.

Nimekaa na orodha ya Pasaka. Jumamosi ya Pasaka tunafunua jiwe la kaburi la mama. Mwaka mzima jiwe limefunikwa blanketi lake, na siku hiyo ndiyo machozi ya mwisho, kisha watu wanakula. Watakuja mia moja na ishirini, wengi wao watu wa pwani, ukoo wa marehemu baba. Wale hawaji mikono mitupu. Watashusha kome magunia kwa magunia na kambakoche wekundu, na watatazama meza yetu.

Na meza yetu ni mikunga, wale samaki wa umbo la nyoka. Mama Ngapera alivua mikunga wa ziwa hili tangu akiwa msichana, akawakausha kwa moshi wa kuni za manuka mpaka mafuta yakachuruzika. Mgeni aliyelala kwenye ukumbi wa ukoo wetu akaondoka bila kula mkunga, kwetu hahesabiwi kuwa alifika. Siku ya kumzika, mikono yangu ikiwa bado na udongo, nilimwambia mama kwamba kwenye jiwe lake wataliwa mikunga wake, wa ghuba yake, na si kuku wa dukani.

Shida ni hii: kiangazi mikunga wetu huwa na ladha ya tope. Mara ya mwisho watu wa pwani walipokuja mama akiwa hai, Shangazi Makareta, dada wa baba, aliweka uma chini mbele ya meza nzima na kusema, "Wifi, mkunga wako ameoga na viatu." Mama alicheka pamoja na watu. Kisha akaingia jikoni akaosha sufuria moja kwa nusu saa.

Jumapili, 1 Februari
Jana tulikata magugu.

Ghuba iliyo mbele ya nyumba ya mama imejaa magugu ya majini, mtumbwi unapita kama unalima. Niliwaita binamu, wakaja na boti mbili na chuma chenye makali cha kuburuta, na kufikia jioni ghuba ilikuwa nyeupe kama sahani, kama ilivyokuwa nilipokuwa mdogo. Nililia kidogo. Mmoja wao akauliza kama tuyavute magugu nchi kavu. Nikasema hapana. Mama alitufundisha kwamba cha ziwa ni cha ziwa, hata gamba la kombe hulichukui nyumbani bila kuomba. Tuliyaacha yakazama kwa heshima zote.

Harufu: majani yaliyokatwa. Nzuri sana.

Jumanne, 3 Februari
Majani.

Jumatatu, 9 Februari
Joto. Hakuna upepo. Udongo baada ya mvua, na mvua yenyewe haijanyesha wiki tatu.

Jumatano, 11 Februari
Udongo. Nimechemsha maji ya bomba, maana tunayavuta ziwani, na chai imekuwa kama imepikwa ndani ya chungu cha maua.

Jumamosi, 14 Februari
Udongo mzito. Maji ukingoni yamekuwa kijani, kama mtu amemwaga ndoo ya rangi ya mlango. Watu wa maji wa mkoa wameweka ubao: watu wasiogelee, mbwa wasinywe. Mzungu mwenye nyumba za wageni ng'ambo sasa anawapitisha wageni mlango wa nyuma, wasilione ziwa.

Ijumaa, 20 Februari
Saa kumi na mbili asubuhi. Kimya. Mayai viza.

Nilidhani ni friji. Nimeifungua, nimeinusa, nimetupa jibini lisilo na kosa. Kisha nikafungua dirisha na uvundo ukaniingia mpaka kooni. Unatoka ghubani, mbele ya nyumba ya mama.

Jumamosi, 21 Februari
Mayai viza. Binamu zangu wanacheka eti kule Rotorua, kwenye chemchemi za moto, watalii hulipa kunusa hivi. Sijacheka.

Jumapili, 22 Februari
Mayai viza, mchana kutwa. Waimarie, leo utanisamehe, lazima niandike maneno ya watu.

Leo kulikuwa na kikao cha Pasaka ukumbini. Watu arobaini hivi, chai, mikate ya kukaanga. Madirisha yamefungwa kwa sababu ya uvundo, kwa hiyo joto na uvundo vyote viwili tulikuwa navyo. Tukagawana kazi: nani atapika viazi vitamu, nani atachuma mboga ya mchunga, nani atapanga magodoro. Ilipofika zamu ya mikunga watu wakatazama sakafu. Mtu mmoja akasema taratibu, "Labda mwaka huu tuweke kuku, dada Ripeka. Hakuna atakayelaumu."

Hapo ndipo nilipomwona Paora, mdogo wangu, ameketi karibu na mlango na kofia gotini. Ana ng'ombe wa maziwa mia tatu juu ya kijito kinachoingia ziwani. Tangu mama afe tumeongea mara nne, na mara zote ni juu ya jiwe.

Nikasimama. "Kuku wa nini? Mwulizeni huyu hapa kwanza! Miaka ishirini mavi ya ng'ombe wake yanateremka kwa mama. Mama yuko kaburini na bado anamnywesha mavi!"

"Dada," akasema.

"Usiniite dada. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mimi nguo yangu naijua. Utakuja siku hiyo kulifunua jiwe na mikono hiyo?"

Paora ni mtu mnene, mpole, na masikio yake hubadilika rangi kabla ya uso. Yalibadilika. Alisimama, akasema, "Nitaleta maziwa ya chai siku hiyo, kama mtayahitaji," akatoka. Waimarie alikuwa jikoni akikausha vikombe. Alinitazama na kitambaa mkononi, kisha akarudi kwenye vikombe.

Nimerudi nyumbani nikiwa nimeshinda. Najisikia vibaya kwa mtu aliyeshinda.

Jumatatu, 23 Februari
Mayai viza.

Jumanne, 24 Februari
Mayai viza.

Ijumaa, 27 Februari
Waimarie amekuja na chupa thelathini na kifaa chenye waya mrefu. Amekuwa baridi na mimi, "Shikamoo Shangazi" na basi. Amechota maji ya kijito chini ya shamba la baba yake, maji ya katikati ya ziwa, maji ya ghuba. Kisha akateremsha kile kifaa ghubani mpaka chini na akakaa akiitazama namba muda mrefu. Akavuta tope kwa bomba. Lilikuwa jeusi kama lami, na ndani yake kulikuwa na vitu virefu vilivyolegea.

"Nini hivyo?" nikamuuliza.

"Nitakuambia nikishapima."

Jumatano, 4 Machi
Mayai viza asubuhi. Mchana sijui, sikunusa kitu.

Waimarie alikuja na majibu. Aliweka karatasi mezani lakini hakuisoma. Alinimiminia chai, mimi ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nikajua si habari njema.

"Shangazi, hili ziwa lina harufu mbili, na kila harufu ina watu wake."

"Watu?"

"Vijidudu. Hiyo harufu ya udongo inatoka kwa ule ukijani unaoelea. Ni bakteria, wanapenda joto na maji yaliyotulia, na wanakula mbolea iliyomo majini. Wakiishi wanatoa kidogo, wakifa wanamwaga yote. Na pua ya binadamu ndiyo kali kuliko mashine yangu: kijiko kimoja cha harufu hiyo katika mabwawa mia mbili ya kuogelea, bado unaisikia. Inaingia kwa mikunga kupitia matamvua na kukaa kwenye mafuta yao. Ndiyo viatu vya Bibi Makareta."

"Na mbolea ni ya baba yako."

"Ya baba, ya babu aliyelima hapo kabla yake, ya kila mwenye shamba na kila choo kuzunguka ziwa. Ya miaka sitini, Shangazi. Iko chini ya tope inasubiri joto. Lakini baba amezungushia kijito uzio na kupanda miti tangu mwaka juzi. Maji yanayotoka kwake sasa hivi ni safi kuliko ya bomba lako."

Sikuwa najua habari ya uzio. Nilikuwa sijapanda kule miaka mitatu.

"Haya. Na mayai viza?"

Akazungusha kikombe. "Hao ni wengine. Wanaishi chini, mahali pasipo na hewa. Sisi tunapumua hewa, wao wanapumua salfa, na wanachotoa ndiyo hiyo gesi. Kwa kawaida ni wachache. Wanahitaji chakula kingi kioze mahali pamoja mpaka hewa yote iishe. Pale katikati ya ziwa hewa ipo. Kwenye kijito ipo. Ghubani kwa bibi, mita moja kutoka chini, sifuri."

"Kwa nini ghubani?"

Alinitazama jinsi mama alivyokuwa akinitazama nikivunja kikombe na kuuliza nani kakivunja.

"Shangazi. Yale magugu mliyakata mkayaweka wapi?"

Nimeandika hapa kwamba tuliyaacha yazame kwa heshima zote. Nimeurudia ukurasa huo sasa hivi, na mwandiko ni wangu. Boti mbili, siku nzima, tani ngapi sijui, zote zimelala mbele ya dirisha la mama zinaoza. Tena Waimarie anasema yale magugu yalipokuwa hai yalikuwa yanakula mbolea ileile; tulipoyakata, ule ukijani ukabaki peke yake mezani. Nyani haoni kundule. Mimi nililionyesha la mdogo wangu mbele ya watu arobaini.

"Baba yako anajua?" nikauliza.

"Nilimwambia jana."

"Alisema nini?"

"Alisema nisikuambie kwa ukali."

Alhamisi, 5 Machi
Nimepanda kwa Paora. Nimepita kwenye uzio wake na miti yake, mirefu kunizidi sasa, na kila mti niliupita kwa aibu. Nilimkuta anakamua. Pale kwenye kelele za mashine nikaanza hotuba niliyoitunga njia nzima, naye akaweka mkono sikioni.

"Sikusikii, dada!"

"Nimesema ni mimi!"

"Nini?"

"Uvundo! Ni mimi!"

Akazima mashine. Kimya kikaja ghafla, ng'ombe ishirini wakanigeukia. Nikasema kwa sauti ya kawaida, "Nilikudhalilisha mbele ya ukoo kwa kosa langu. Nisamehe, Paora."

Masikio yake yakaanza tena. "Si lote lako," akasema. "Baba alimwaga mbolea kwenye hilo tope, na mimi nikamwaga. Nilipanda miti kwa sababu mama alinigombeza, si kwa wema." Kisha: "Ila ile ya mavi kaburini, dada, ile ilikuwa kali."

"Ilikuwa kali."

"Wakati mwingine niite pembeni, unitukane taratibu."

Nikacheka, naye akacheka, nami nikalia, naye akawasha mashine ili asinisikie.

Jumamosi, 7 Machi
Mayai viza kuliko siku zote, maana tumeyachokoza.

Paora alileta trekta na kamba ya chuma, binamu walewale wakaja na reki. Niliwaambia ukweli wote kabla hawajavua viatu. Wakanipa jina papo hapo: Bibi Mayai. Tumevuta magugu meusi tangu asubuhi hadi alasiri na kuyapandisha mpaka shambani, yakawe mbolea ya viazi. Nilisimama ukingoni nikamwomba mama radhi kwa kuvunja sheria yake. Nadhani angesema sheria ilikuwa ya gamba la kombe, si ya trela saba za uozo.

Jumapili, 8 Machi
Waimarie amepima ule ukijani, sumu haikuonekana, lakini amekataza maini yasiliwe kabisa. Tumetega dema upande wa kijito na kupata mikunga arobaini na mmoja, wanene. Na wote, Waimarie anasema, wamevaa viatu.

Dawa yao ni maji safi na njaa. Juu ya shamba la Paora kuna chemchemi baridi inayomimina kwenye hori la saruji la zamani la ng'ombe. Tumelisugua, tukaweka wavu juu, tukawaachia humo. Mkunga anaweza kukaa wiki nyingi bila kula na asijali. Harufu inamtoka polepole kwenye mafuta. "Polepole kiasi gani?" nikauliza. "Sijui, Shangazi. Maji ni baridi, na wao ni wanene." Zimebaki siku ishirini na saba.

Alhamisi, 12 Machi
Udongo. Mayai kidogo.

Jumatatu, 16 Machi
Udongo. Mayai hakuna! Nimenusa mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimejilaza kifudifudi kwenye gati.

Jumapili, 22 Machi
Wiki mbili. Tumemkaanga mmoja, wa kuonja. Mimi, Paora, Waimarie.

Tope.

Paora alimeza, akanywa maji. Nikasema kuku watahitaji kuagizwa kabla ya Jumatano. Waimarie akasema, "Lipeni hori muda." Sikulala vizuri. Nilikuwa namwona Shangazi Makareta na uma wake.

Jumatano, 25 Machi
Sikuagiza kuku. Mungu anisaidie.

Jumamosi, 28 Machi
Upepo wa kusini, mvua, baridi ya ghafla. Ziwa lote linachafuka mawimbi meupe. Waimarie amepiga simu akipiga kelele: upepo unayakoroga maji na kupeleka hewa mpaka chini. Nilitoka na koti nikasaidia kufunga mashua, nikalowa mpaka kwenye soksi, na sikumbuki lini nililowa kwa furaha hivyo.

Jumatatu, 30 Machi
Ukijani umetawanyika. Nadhani hakuna harufu. Nasema nadhani kwa sababu nina mafua.

Alhamisi, 2 Aprili
Hakuna harufu. Wala ya kahawa. Wala ya manuka inayofuka mbele ya uso wangu. Pua imeziba kama imepigwa lipu.

Leo tumewatoa mikunga arobaini horini, tumewapasua, maini pembeni, tumewatia chumvi, tumewatundika kwenye moshi. Mafuta yamechuruzika inavyotakiwa. Jioni nikakata kipande, nikaweka ulimini, nikatafuna. Ilikuwa kama natafuna kitambaa. Sikusikia tope, sikusikia chumvi, sikusikia kitu. Mwaka mzima nikingojea kipande kile!

Waimarie yuko njiani anawachukua wageni wa kwanza. Alikuwepo Paora tu. Nikampa.

Akatafuna. Akatazama juu kwenye moshi. "Tamu," akasema.

"Tamu kweli, au tamu ya kunifurahisha?"

"Tamu, dada."

Huyu ndiye mtu aliyemwambia binti yake asiniambie kwa ukali. Huyu ndiye aliyemeza lile tope wiki mbili zilizopita bila kukunja uso. Nimemtazama masikio, hayakuwa yamebadilika rangi, lakini mwanga wa moto hudanganya. Miezi miwili iliyopita nisingemwamini na bakuli la mbwa. Nimefikiri mpaka kuni zikahitaji kuongezwa. Kisha nikamwambia awafunge kwenye karatasi, kesho kutwa wanaenda mezani.

Jumamosi, 4 Aprili
Blanketi lilivutwa saa tatu asubuhi. Picha ya mama kwenye jiwe imetoka vizuri, kasoro wamemfanya anatabasamu. Tulilia yaliyobaki, tukanawa mikono, tukarudi kula.

Kwetu wapishi hula mwisho. Mimi nilikuwa jikoni, nikitazama kupitia dirisha la kupitishia sahani, leso puani. Wakapita kome, wakapita kambakoche, viazi vitamu, mchunga. Kisha sinia nane za mikunga. Shangazi Makareta, miaka themanini na tisa, aliketi katikati ya meza kuu. Akachukua kipande kidogo. Watu wetu wote, nawaambia, wote, waliacha kutafuna.

Akala. Akala tena. Uma haukulala. Akanyoosha mkono akaivuta sinia nzima mpaka mbele yake, na mjukuu wake alipojaribu kuchukua kipande akampiga kofi mkononi. "Nenda kwenye kome, wewe!"

Paora alikuwa ameshika birika la maziwa pale mlangoni. Aliugeuza uso ukutani na mabega yakawa yanatetemeka. Nilimwacha.

Ilipofika zamu yetu ya kula, sinia zilirudi na mifupa na mafuta. Hakikubaki kipande. Nikakaa na mkate na supu ya kome. Ndipo Shangazi Makareta alipoingia jikoni na mkongojo wake, akaniwekea mbele kitambaa cha karatasi kilichokunjwa, kimelowa mafuta. Ndani kulikuwa na kipande cha karibu na mkia, kikubwa.

"Nilikificha kwenye mkoba," akasema. "Wale ni mafisi, wangekimaliza. Kula mbele yangu, niseme nimekuona."

"Kikoje, shangazi?"

"Unaniuliza mimi? Umekipika wewe. Kula!"

Nikala chote, nikalamba vidole, naye akisimama juu yangu. Sikusikia ladha hata chembe. Sijawahi kula mkunga mtamu kama yule.